Ndani ya Mfuko Mna Nini?

Sakata la mbolea bandia lilipoikumba Kenya katika msimu wa masika wa 2024, sisi wa upande huu wa mpaka tulilifuatilia kama mtu anayesikia mwizi kwa jirani. Mifuko iliyouzwa kwa bei ya ruzuku ilidaiwa kujazwa vitu visivyolisha mmea. Hoja ya kumwondoa waziri wa kilimo ikatua bungeni, kamati ikakaa, ikaamua kwamba tuhuma dhidi yake hazikuthibitika, na magazeti yakahamia habari nyingine. Simu yangu haikuhama. Hadi leo wanafunzi wangu wa zamani, ambao sasa ni watu wazima wenye bustani za vitunguu na kabichi, hunitumia picha ya chembe nyeupe kiganjani na swali lilelile: "Shikamoo Madam. Hii ni urea kweli au tumepigwa?"

Picha haina jibu. Urea ni nyeupe, SA ni nyeupe, potashi mara nyingi ni nyeupe, na chumvi tunayowapa ng'ombe ni nyeupe pia. Nimefundisha kemia ya sekondari kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, Mbeya na Mbozi, na kila picha inapoingia nakumbuka watu fulani na chupa fulani zilizonifunza maana ya kutambua kitu usichokijua. Si wote waliokuwa walimu.

Miaka ya themanini ikielekea ukingoni, shule niliyosoma ilikuwa na maabara yenye rafu ndefu na chupa chache. Chumvi safi za kufanyia mazoezi ya mtihani zilikuwa zimekwisha zamani. Mwalimu wetu wa kemia, mtu wa maneno machache, akaenda ghala la ushirika akarudi na mbolea za chumvichumvi kwenye mifuko ya karatasi. Akazigawa katika vikombe, akaviandika herufi tu: X, Y, Z. Kila mmoja wetu alichora safu tatu kwenye daftari: jaribio, kilichoonekana, maana yake. Aliyeandika jina la chumvi kabla safu hazijajaa alinyang'anywa kikombe. "Jina linakuja mwisho," alisema, na hakueleza zaidi.

Kikombe X kilikuwa na punje ndogo zinazong'aa. Tuliziyeyusha, tukatia haidroksidi ya sodiamu, tukapasha moto juu ya kibatari cha spiriti. Harufu ya kuchoma pua ikapanda, na karatasi nyekundu ya litimasi tuliyoilowesha na kuishika mdomoni mwa neli ikageuka bluu. Hiyo ni amonia. Katika neli nyingine tukadondosha kloraidi ya bariamu: mashapo meupe yakajaa, tukaongeza asidi ya haidrokloriki na bado hayakuyeyuka. Hiyo ni salfeti. Kumbe X ilikuwa salfeti ya amonia, ileile SA ambayo wazazi wetu waliinyunyizia mahindi.

Nilichoondoka nacho siku ile kilikuwa zaidi ya jina. Mvuke wa amonia haukutuambia kwamba kile ni SA. Ulitwambia tu kwamba kikombe hakikuwa na chumvi ya kupikia peke yake, wala chokaa peke yake, wala potashi peke yake. Mashapo nayo yakaiondoa nitrati tupu na kloraidi tupu. Kila hatua ilifukuza kundi la watuhumiwa, na aliyebaki mwisho ndiye tuliyempa jina. Kipimo kina thamani kwa sababu kinaweza kukataa. Kile ambacho kingekubali kila kitu unachokiweka mbele yake hakipimi chochote, hata kikitoa mapovu na rangi za kupendeza.

Baadaye nikawa mwalimu, na mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha nne, kijana mwenye bidii ya kutisha, akaja na mbolea iliyofungwa kwenye kipande cha nailoni. Kabichi za mama yake zilikuwa zimebaki njano licha ya kutiwa mbolea ya kukuzia. Jirani mmoja alishasema kwamba dukani wanauza chumvi. Kijana alifuata jedwali lote kwa utaratibu: haidroksidi ya sodiamu bila moto, hakuna harufu. Kloraidi ya bariamu, kimya. Nitrati ya fedha, kimya. Asidi, hakuna povu. Akaniletea daftari lake na uso wa hakimu: "Madam, hii siyo mbolea. Haina kitu."

Jedwali alilotumia liliandikwa kwa ajili ya chumvi, vitu ambavyo vikiingia majini huvunjika vipande viwili vyenye chaji. Urea si chumvi. Ni molekuli ya kaboni, haidrojeni, oksijeni na naitrojeni inayoyeyuka ikiwa nzima, na ndiyo maana haiitikii ukiiita kwa jina la amonia wala la nitrati. Mjerumani Friedrich Wöhler aliitengeneza maabara mwaka 1828, na mpaka leo hakuna mbolea ya punje inayopatikana madukani kwa urahisi yenye naitrojeni nyingi kuliko hiyo: asilimia 46 ya uzito wake.

Nilimpa neli kavu. Akatia punje chache, akazipasha polepole. Zikayeyuka mapema, kwenye nyuzi 133 hivi, tofauti kabisa na chumvi ya mezani ambayo moto wa kibatari hauwezi kuiyeyusha. Kisha harufu ya amonia ikatoka, kwa kuchelewa lakini bila shaka. Kilichobaki kwenye neli akakiacha kipoe, akakiyeyusha kwa haidroksidi ya sodiamu, akadondosha tone moja la salfeti ya shaba. Rangi ya zambarau ikajitokeza. Urea ikipashwa moto hugeuka kuwa biureti, na biureti ndiyo inayotoa zambarau ile. Mama yake alikuwa ameuziwa urea halisi. Bahati njema alikuwa hajarudi dukani kugombana.

Basi kwa nini kabichi zilikuwa njano? Kijana aliniambia kwamba mbolea ilimwagwa juu ya udongo mkavu, jua la mchana likiwaka, bila kufukiwa wala kumwagiliwa. Urea ikiachwa hivyo hugeuka amonia na kupaa. Naitrojeni ya mama yule ilikuwa imepeperuka kuelekea kwa majirani, pengine pamoja na huyo aliyesema dukani wanauza chumvi. Tangu hapo nilianza kuandika ubaoni, kabla ya jedwali, ni vitu gani jedwali hilo haliwezi kuvitambua. Wanafunzi hawakupenda, kwani mambo hayo hayaulizwi kwenye mtihani.

Minjingu nayo ilipata kesi ya namna hiyo. Ile ni fosfeti inayochimbwa Babati, mkoani Manyara, na ilipoletwa kwetu ikiwa ya unga, watu waliimimina kwenye ndoo ya maji, wakakoroga, wakaona imetuama chini. "Haiyeyuki, basi ni udongo." Mwamba wa fosfeti hauyeyuki majini, huyeyuka taratibu ndani ya udongo wenye asidi, na udongo wa Nyanda za Juu Kusini kwa sehemu kubwa ndivyo ulivyo. Maji ya ndoo yalikuwa yanajibu swali ambalo mmea hauulizi.

Kisa kilichonikaa zaidi kinatoka kwenye duka la pembejeo la mji mdogo ambao sitautaja. Mwenye duka alikuwa mzee mcheshi, na aliuza CAN kwa kopo kwa wenye bustani ndogo wasiomudu mfuko wa kilo 50. Ukimtilia shaka, alikukata kauli kwa ndimu. Aliikamulia punje chache kwenye kisosi, zikatoa povu, naye akasema kwa fahari: "Umeona? Ingekuwa feki ingechemka hivi?" Wateja walicheka, wakalipa. Nami nilipenda onyesho lile, ila swali lake lilinikaa kichwani, maana jibu lake ni ndiyo. Ingekuwa feki ingechemka, tena zaidi.

CAN ni nitrati ya amonia iliyochanganywa na jiwe la chokaa lililosagwa. Chokaa imewekwa kwa sababu nzuri: nitrati ya amonia tupu inaweza kulipuka, na waliosahau walikumbushwa tarehe 4 Agosti 2020, tani 2,750 zilizokuwa zimerundikwa bandarini Beirut zilipolipuka na kuua watu zaidi ya 200. Sasa, povu la ndimu linatoka kwenye ile chokaa. Mbolea haihusiki nalo. Mtu akisaga jiwe la chokaa tupu, akalifanya punje, ndimu itashangilia kuliko wakati wowote.

Nilinunua kopo moja nikaenda nalo shuleni. Nilichanganya kijiko cha punje na chokaa ya kupakia ukuta na maji kidogo, nikapungia mvuke puani kwa kiganja. Amonia ilikuwepo. Kwa hiyo mbolea ilikuwemo. Kiasi gani? Hapo pua haisaidii, lakini mizani inasaidia, na hesabu yake naipenda kwa sababu kila mwanafunzi wa kidato cha tatu anaiweza. Nitrati ya amonia ikiwa safi ina naitrojeni asilimia 35. Mfuko wa CAN huandikwa asilimia 26 au 27. Gawanya, utaona kwamba karibu robo tatu ya mfuko inapaswa kuwa nitrati, ambayo huyeyuka yote majini, na robo hivi iwe chokaa, ambayo haiyeyuki. Nilipima gramu 20, nikaziyeyusha kwa maji mengi, nikachuja, nikasuuza, nikakausha mabaki na kuyapima. Yalitakiwa kuwa gramu 5, kuzidi au kupungua kidogo. Yalikuwa zaidi ya nusu ya uzito wote.

Nilimrudia mzee na karatasi yenye hesabu. Hakunifukuza. Alitoa stakabadhi za jumla kutoka kwenye droo, akaziweka mezani moja moja, kimya, halafu akaniuliza: "Sasa Mwalimu, mimi ningejuaje?" Alikuwa ananunua mifuko iliyokwisha kufunguliwa na kushonwa upya, kwa bei nafuu kidogo, kutoka kwa mtu aliyemwamini, na kipimo chake cha ndimu kilimhakikishia kila siku kwamba yuko sawa. Aliacha kununua kwa yule mtu. Wateja wengine walimhama hata hivyo, kwa kuwa habari ya karatasi yangu ilitembea haraka kuliko habari ya kuacha kwake. Sijui kama hilo lilikuwa haki.

Na kulikuwa na kopo la stoo. Shule moja niliyohamia ilikuwa na bustani ya mboga kwa ajili ya jikoni, na kwenye stoo ya majembe kulikuwa na kopo la rangi lililojaa chembe nyeupe, bila lebo. Mtunza bustani alizimwaga kwenye tuta la mchicha, na mchicha ukaungua kingo za majani. Stoo nzima ikasema: chumvi. Mkuu wa shule akataka itupwe shimoni. Nikamwomba anipe wiki moja kwanza, na wanafunzi wakafurahi kupata "chumvi isiyojulikana" ambayo kweli haikujulikana, hata na mwalimu.

Iliyeyuka yote. Hakuna amonia, kwa baridi wala kwa moto. Asidi haikutoa povu. Kloraidi ya bariamu haikufanya kitu. Nitrati ya fedha ikaleta mashapo meupe yaliyoyeyuka tulipotia maji ya amonia: kloraidi. Wakabaki watuhumiwa wawili wakubwa, kloraidi ya sodiamu, yaani chumvi ya kupikia, na kloraidi ya potasiamu, ile mbolea ya MOP inayotumika kwenye mashamba ya kahawa kama yale yaliyotuzunguka. Tukachovya waya, tukaupeleka kwenye moto. Mwali ukawa wa njano kali, rangi ya sodiamu. Darasa likapiga makofi. Stoo ilikuwa imeshinda.

Lakini sodiamu ina sauti kubwa. Punje chache tu ndani ya kitu kingine zinatosha kuupaka mwali wote njano na kuifunika zambarau hafifu ya potasiamu. Mwali ule ulithibitisha kwamba sodiamu ipo. Kuhusu kutokuwepo kwa potasiamu haukusema lolote. Kwenye droo kulikuwa na kipande cha kioo cha bluu cha kobalti, urithi wa enzi ambazo maabara zililetewa vifaa, na kioo hicho huzuia njano. Wanafunzi walipokezana. Kupitia kioo, mwali ulikuwa wa waridi-zambarau. Ilikuwa MOP, yenye uchafu mdogo wa sodiamu kama ilivyo kawaida yake. Mchicha uliungua kwa sababu ulimwagiwa kwa ukarimu kupita kiasi, na MOP ikizidi huchoma sawasawa na chumvi ya kupikia. Kopo likaandikwa lebo, na likaenda kwenye migomba.

Visa hivi vinne vikikaa pamoja vinaonyesha kitu ambacho mjadala wa mbolea bandia hukiruka. Katika vitatu, kilichoshukiwa kilikuwa halisi. Katika kimoja, kilichothibitishwa mbele ya wateja ndicho kilichochakachuliwa. Wala si visa vyangu tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima urea iliyouzwa rejareja Uganda na kukuta upungufu wa naitrojeni wa asilimia 30 hivi kwa wastani. Mwingine, uliochapishwa 2021, ulizunguka maduka ya pembejeo ya mkoa wa Morogoro na kukuta karibu urea yote iko sawa kwa virutubisho, ingawa wakulima wengi waliamini imechakachuliwa. Walikuwa wanahukumu kwa mabonge, unyevu na rangi. Nchi mbili jirani, majibu mawili yanayopingana, na jicho la mteja halingeweza kuzitofautisha. Anayewaambia wakulima "mbolea zote ni feki" anawaumiza sawa na anayewauzia mawe: mwenye kuamini hivyo hatii mbolea, na mahindi yake hayajui kama alinyimwa na tapeli au na uvumi.

Hata maabara kubwa zina mipaka yake, na ni vizuri mteja aijue. Njia mashuhuri ya kupima naitrojeni ilibuniwa mwaka 1883 na Johan Kjeldahl, katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, Copenhagen. Sampuli huchemshwa kwa asidi kali mpaka naitrojeni igeuke amonia, kisha amonia inapimwa. Ni njia nzuri, lakini katika umbo lake la kawaida haihesabu nitrati. Ukipeleka CAN, ambayo nusu ya naitrojeni yake iko kwenye nitrati, na fundi asibadilishe utaratibu, utaambiwa mfuko wako una nusu tu. Upande wa pili, njia hiyo haiulizi naitrojeni imetoka wapi. Mwaka 2008 wafanyabiashara nchini China walitia melamini, ambayo theluthi mbili ya uzito wake ni naitrojeni, kwenye maziwa yaliyozimuliwa kwa maji, na vipimo vikaonyesha protini tele. Watoto sita walikufa na karibu laki tatu waliugua. Kwa hiyo unapopeleka sampuli, uliza mambo mawili: ni kitu gani, na ni kiasi gani. Moja bila la pili limewahi kuua.

Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009 ilituletea mamlaka ya udhibiti, na wakaguzi wake wana kazi kubwa kuliko idadi yao. Wakati huohuo kata nyingi zina sekondari, na kampeni ya maabara ya wakati wa Rais Kikwete iliziachia nyingi jengo lenye meza na sinki, mahali pengine bila kitu zaidi ya hapo. Kipimo cha gramu 20 za CAN kinahitaji mizani, karatasi ya kuchujia na maji. Kile cha urea kinahitaji moto mdogo na tone la salfeti ya shaba. Halmashauri ingeinunulia kila shule vifaa hivyo, na kumlipa mwalimu posho kidogo mwezi Oktoba na Novemba, mkulima angepata jibu la awali kabla ya kupanda, na sampuli zenye mashaka tu ndizo zingesafirishwa mbali. Mwanafunzi naye angekutana na chumvi X yenye mwenyewe anayesubiri nje ya mlango.

Hadi hayo yatokee, nawaomba wanaonitumia picha wafanye hivi. Nunua mfuko ambao mshono wake wa kiwandani haujafunguliwa, na udai stakabadhi yenye jina la mbolea. Kabla ya kwenda shambani, ingiza mkono hadi katikati ya mfuko, toa kama nusu kilo, weka kwenye chupa safi iliyo kavu, funga kabisa, andika tarehe na duka. Kata kipande cha mfuko chenye maandishi ukihifadhi pamoja nayo. Mazao yakigoma, chupa hiyo na stakabadhi ndiyo ushahidi utakaopokelewa na mkaguzi. Mfuko mtupu na picha ya simu havitakusaidia.